Kuchati Hakumfundishi Mtu Adabu ya Kiingereza

Muulize mtu yeyote siku hizi namna ya kukijua Kiingereza kinachokubalika mbele za watu, naye atakutuma mtandaoni. Tafuta rafiki wa Marekani au Uingereza, atasema. Pakua programu ya kubadilishana lugha, jiunge na kundi la Telegram, chati kila usiku. Sarufi utaipata darasani, lakini kujua nani huambiwa nini, kwa maneno gani na wakati gani, hilo huja lenyewe kwa kukaa na wenye lugha, na wenye lugha sasa wamo humo simuni. Walimu wanalisema, wauzaji wa kozi wanaliimba, na mzazi anayemnunulia bando mwanawe wa kidato cha tano hujipa moyo kwamba fedha yake inasomesha.

Silikubali. Sisemi kwamba mtandao hauna faida; faida unayo, na nitaitaja, ila si ile inayotangazwa. Ninachokataa ni hilo neno "lenyewe". Adabu ya Kiingereza haiji yenyewe kwa kuchati. Hufundishwa na mtu anayekuambia kwamba hapo umekosea, na mazungumzo ya mtandaoni, kwa jinsi yalivyo, humwondoa mtu huyo.

Tuseme dada mmoja wa Mbeya amemaliza shahada yake ya kwanza na anatafuta profesa wa kumsimamia katika chuo kikuu cha Uingereza. Anaandika: "Dear Professor, how are you and how is your family? I want you to be my supervisor. Please reply me as soon as possible." Mwalimu wake wa sekondari angetia wino mwekundu mahali pamoja tu, penye "reply me". Msomaji wa Uingereza hapo atapapita bila kujali. Anajua anaandikiwa na mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Kitakachomkaa rohoni ni "I want you" na ile "as soon as possible", ambazo masikioni mwake ni amri kutoka kwa mtu asiyemjua. Na ile salamu kwa familia, ambayo kwetu ndiyo heshima yenyewe, kwake ni mgeni anayeulizia watu wa nyumbani asiowahi kuwaona. Dada huyu pengine ana adabu kuliko wengi wanaoandika barua tamu zaidi ya yake. Lakini barua inaonekana haina adabu, huenda isijibiwe, na ikiwa hivyo hatajua kwa nini.

Mwanaisimu Mwingereza Jenny Thomas alilieleza jambo hili mwaka 1983, katika makala ambayo mpaka leo wanaofundisha Kiingereza kwa wageni huirudia. Kosa la sarufi, alisema, humfanya msikilizaji aone kwamba mzungumzaji bado hajaimudu lugha. Kosa la namna ya kusema humfanya aone kwamba mzungumzaji ni mtu wa namna fulani: mjeuri, mwenye makuu, asiye na shukrani. Lile la kwanza hubebeshwa shule aliyosoma, hili la pili hubebeshwa tabia yake. Na kadiri sarufi yako inavyonyooka ndivyo msamaha unavyopungua, kwa sababu mtu fasaha hudhaniwa kwamba alichosema ndicho alichokusudia. Hapo ndipo ushauri wa kuchati unapomponza mwanafunzi hodari kuliko mzembe. Kuchati huongeza ufasaha, hilo sibishi. Humpa ufasaha na kumwacha na namna ileile ya kuomba aliyoanza nayo.

Mtu asidhani nasema habari za vijana wa Tanzania au Kenya peke yao. Mwaka 2011 mtafiti Maria Economidou-Kogetsidis alichapisha uchambuzi wa barua pepe 200 ambazo wanafunzi wa Kigiriki wa Kupro waliwaandikia wahadhiri wao kwa Kiingereza, katika chuo kinachofundisha kwa lugha hiyohiyo. Alikuta maombi ya moja kwa moja, maneno ya kulainisha machache mno, salamu na maneno ya kuagana yaliyorukwa, na wahadhiri walioitwa kwa namna isiyowastahili. Miaka minne kabla ya hapo, Sigrun Biesenbach-Lucas alikuwa amelinganisha barua za wanafunzi wa Marekani na za wageni waliokuwa wakisoma nao nchini humohumo, akaona wenyeji wana njia nyingi zaidi za kuliweka ombi kwa upole. Vijana hawa wote waliishi na intaneti. Wageni wa Marekani waliishi na Wamarekani wenyewe. Kama kukaa na lugha kungetosha, wao ndio wangekuwa wa kwanza kuhitimu.

Kwa nini hakutoshi? Kwa sababu aliyekosewa mtandaoni hasemi. Ana kwa ana, ukimwomba mtu vibaya, unauona uso wake ukibadilika, anakawia kujibu, anaguna, anakuuliza "samahani?" kwa sauti inayokushtua. Kwenye simu unaona alama mbili za buluu, basi. Profesa anafunga barua na kuendelea na kazi zake. Mwajiri anampigia mwombaji mwingine. Hata yule rafiki unayechati naye kila usiku, ambaye ndiye tumaini la wenye ushauri huu, hawezi kukusaidia hapa. Atakusahihisha "reply me" bila taabu, kwa kuwa kumsahihisha mtu kihusishi hakumwaibishi yeyote. Lakini kumwambia rafiki kwamba maneno yake yanasikika kama ya bwana kwa mtumishi? Adabu ileile ya Kiingereza tunayotaka amfundishe mwenzake ndiyo inayomkataza kuifundisha. Atanyamaza, ataweka emoji ya tabasamu, na mwanafunzi ataihesabu ile emoji kuwa ni alama ya kufaulu.

Wapo watakaoniambia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanaisahau sehemu ya ukali wa methali hiyo. Ulimwengu unaofunza ni ule unaokupiga ukajua umepigwa. Huu wa barua pepe hufunga mlango kwa ulaini, na aliyebaki nje hudhani mwenye nyumba hayupo.

Na sisi wenyewe, Waswahili, tangu lini tuliamini kwamba adabu ya maneno huingia kwa kusikia tu? Mtoto wa miaka mitatu hajifunzi kusalimu kwa kuachwa asikilize wakubwa wakisalimiana. Huambiwa: mwamkie babu. Huulizwa mbele ya wageni: umesema shikamoo? Akiipokea zawadi kwa mkono wa kushoto, hurudishwa nyuma apokee tena. Akikua, pwani na bara, kulikuwa na jando na unyago, na kungwi aliyekaa na mwari akamweleza waziwazi neno gani husemwa mbele ya nani na lipi halisemwi. Watu waliolelewa hivyo, kwa lugha yao wenyewe, nyumbani kwao, walihitaji miaka ya kuambiwa. Leo tunataka adabu ya lugha ya kigeni, ambayo ni ngumu zaidi, iingie bila kungwi, kupitia kioo cha simu, saa tano za usiku.

Mmarekani Richard Schmidt, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha, alijipima mwenyewe katika jambo hili. Alipokaa Rio de Janeiro kwa muda wa miezi kama mitano katika miaka ya 1980 aliandika shajara ya namna alivyokuwa akijifunza Kireno, na mazungumzo yake yakarekodiwa. Baadaye, yeye na Sylvia Frota walipolinganisha shajara na rekodi, waliona kwamba mambo aliyoanza kuyatumia ni yale aliyokuwa ameyatambua na kuyaandika. Yaliyompita masikioni bila kuyatambua yalimpita, hata kama yalisemwa mbele yake mara nyingi, hata pale alipokuwa akisahihishwa. Huyu alikuwa bingwa wa fani, akiishi katikati ya jiji la wenye lugha, mwenye hamu ya kujifunza. Kijana wa Kigoma mwenye megabaiti za kubahatisha ana nini cha ziada?

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kuchati hawaligusi, nalo ni cheo. Mtandaoni tunachati na wenzetu, watu wa rika letu, watu wanaopenda mpira tunaoupenda. Lugha ya rika haihitaji kuomba kwa kuzunguka. "Send me the link" inatosha, na ukizunguka sana utachekwa. Lakini Kiingereza kinachomtesa mwanafunzi si cha rika. Ni cha kumwandikia mtu aliye juu yake, anayeshikilia kitu anachokihitaji: msimamizi wa tasnifu, ofisa wa skolashipu, bosi, ofisa wa ubalozi. Mwaka 2006 Chi-Fen Emily Chen alieleza habari za mwanafunzi mmoja wa Taiwan aliyekuwa akisoma shahada ya juu Marekani, na jinsi barua pepe zake zilivyobadilika kwa muda wa miaka miwili na nusu. Kwa wenzake aliandika bila shida. Kwa maprofesa alihangaika: barua ndefu, maelezo mengi ya shida zake binafsi, maombi yaliyojaa anachotaka yeye. Aliboresha, lakini polepole, akikisia, kwa sababu kanuni za kumwandikia mkubwa hakuna aliyemwonyesha. Angechati na vijana wa Marekani elfu moja, asingekutana na kanuni hizo, kwa kuwa vijana hao hawamwandikii yeye kama wanavyomwandikia mkuu wa idara.

Nikubali hapa kwamba upande wa pili una ushahidi, na ushahidi wao mzuri kuliko wote si ule wanaoutaja mara kwa mara. Mwaka 2002 Julie Belz na Celeste Kinginger walieleza habari za wanafunzi Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa na Kijerumani, waliounganishwa kwa intaneti na vijana wa Ufaransa na Ujerumani. Lugha hizo mbili zina viwakilishi viwili vya kumwita mtu mmoja, kimoja cha heshima na kimoja cha ukaribu, na Wamarekani walikuwa wakivichanganya. Baada ya kuandikiana na wenzao, walianza kuvitumia inavyopasa. Je, si ushindi wa kuchati? Tazama kilichotokea humo ndani. Wale vijana wa Ulaya waliwaambia. Waliandika waziwazi kwamba sisi ni rika, usiniite hivyo, niite hivi. Mawasiliano yenyewe yalipangwa na walimu, ndani ya kozi, na maandishi yote yakahifadhiwa. Tena kosa lilikuwa la aina inayoonekana: neno moja mahali pa jingine. Kiingereza hakina jozi kama hiyo. Heshima yake imefichwa katika umbo zima la sentensi, katika "I was wondering whether" badala ya "I want", katika sababu inayotangulia ombi, katika kumwachia mtu njia ya kukataa. Rafiki wa kuchati hawezi kukunyooshea kidole kwenye kitu ambacho yeye mwenyewe hajui kwamba anakifanya.

Huo utafiti wanaoutaja mara kwa mara ni wa Kathleen Bardovi-Harlig na Zoltán Dörnyei, wa mwaka 1998. Waliwaonyesha wanafunzi video zenye makosa ya sarufi na makosa ya adabu. Waliokuwa wakisoma Kiingereza nchini Hungaria waliyaona ya sarufi kuwa makubwa zaidi. Waliokuwa wakikisoma nchini Marekani waliyaona ya adabu kuwa makubwa zaidi. Hapo watu huruka na kusema: unaona? Mazingira ndiyo mwalimu, na intaneti huyaleta mazingira nyumbani. Lakini mwaka 2001 Kimberly Niezgoda na Carsten Röver waliurudia utafiti huohuo kwa wanafunzi wa Kiingereza nchini Cheki, na hao, wakiwa kwao, mbali na wenye lugha, waliyaona makosa ya adabu kuwa mazito kuliko walivyoyaona wenzao waliokuwa Hawaii. Wacheki hao walikuwa kundi teule la chuo kikuu, waliofundishwa kwa bidii na wenye kujali. Kwangu mimi hilo linamaliza mjadala wa mazingira. Mtu anaweza kukaa Honolulu akaikosa adabu ya Kiingereza, na mwingine akaipata akiwa hajavuka mpaka wa nchi yake.

Halafu kuna swali ambalo mimi hulipenda kuliko yote, la adabu ya nani. Wanaotutuma mtandaoni hutuambia tutafute "mzawa wa lugha", kana kwamba tutaishi tukiwaandikia watu wa London. Mtanzania wa leo anamwandikia kwa Kiingereza mhandisi wa Kichina, mfanyabiashara wa Mumbai, mwenzake wa Kampala au Kigali. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza lugha rasmi ya Jumuiya, na ofisi zake za Arusha hazijajaa Waingereza. Katika barua za huku, kuanza kwa kumjulia mtu hali si kosa. Kuliruka jambo hilo ndiko kosa. "Kindly", ambayo Mmarekani huiona imepitwa na wakati au ina kejeli, ni adabu ya kawaida ya ofisi za Nairobi na Dar es Salaam.

Mwezi wa Aprili 2024 jambo hili lilijitokeza hadharani. Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Y Combinator, aliandika kwamba alipokea barua pepe ya mtu akimpendekezea mradi, kisha akaona imetumia neno "delve", akimaanisha kwamba hiyo ni dalili ya barua iliyoandikwa na mashine. Wanigeria walimjia juu, na walikuwa na haki: hicho ni Kiingereza walichofundishwa shuleni, nao hukiandika bila mashine yoyote. Lakini angalia upande wa pili wa kisa hicho. Yule aliyeandika barua alihukumiwa kwa neno moja, na kama Graham asingelitangaza, mwandishi asingejua kamwe. Tulijua kwa sababu tajiri mmoja alisema kwa sauti kile ambacho wengine hufikiri kimyakimya. Mwanafunzi anahitaji hicho hasa, kusikia msomaji alifikiri nini. Akishasikia, uamuzi ni wake, ama abadilike ama abaki na neno lake. Jenny Thomas mwenyewe alishikilia hivyo: kazi ya mwalimu ni kumwezesha mwanafunzi aonekane vile anavyotaka kuonekana, ukali ukiwemo. Anayekuwa mkali kwa kutojua hajachagua.

Najua jibu la sasa: acha kuchati na watu, iambie akili mnemba ikuandikie. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, dada yetu wa Mbeya anaweza kupata barua laini kwa sekunde kumi. Haya, na akiipata? Hajui kwa nini ile sentensi ipo pale. Profesa akijibu kwa kifupi, "Happy to chat, call me Dan," barua ya pili inakuja na heshima ileile nzito kama ya kwanza, na sasa inamsukuma mbali mtu aliyemsogelea. Na siku ya mahojiano ya video atakuwa peke yake. Mashine ni katibu mzuri. Ungeweza kuigeuza kungwi kwa kuiuliza barua yako inasikikaje na kwa nini, na wachache hufanya hivyo. Wengi hunakili na kutuma.

Sasa faida ya mtandao, ile niliyoiahidi. Mtandao huhifadhi maneno. Mazungumzo ya sokoni hupotea hewani, lakini ya WhatsApp na ya barua pepe hubaki, unaweza kuyarudia, kuyaweka mezani na kuyachambua mbele ya darasa. Walioelewa hivyo mapema ni Gilberte Furstenberg na wenzake wa chuo cha MIT, walioanzisha mradi wa Cultura mwaka 1997. Waliunganisha wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa, lakini walitaka kila upande uandike kwa lugha yake. Walijaza maswali yaleyale, kuhusu jambo kama kukutana na mtu barabarani, kisha majibu yakawekwa ubavu kwa ubavu na kila darasa likayasoma na kuwauliza wenzao maana. Hakukuwa na kuchati kwa kuchati. Kazi ilikuwa kusoma na kulinganisha, na mwalimu yupo.

Hilo linawezekana kwetu bila maabara ya kompyuta. Darasa la kidato cha tatu Iringa na darasa la Kisumu, simu mbili za walimu zinatosha. Iringa waandike maombi ya kweli, ya kuazima vitabu, kuahirisha mechi, kulalamikia jibu lililochelewa, na wayaelekeze kwa watu wa vyeo mbalimbali: mwanafunzi mwenzao, mwalimu, mkuu wa shule. Kisumu kazi yao isiwe kujibu tu. Wapewe jukumu la kusema, kwa kila barua, walijisikiaje walipoisoma na ni neno gani lililowafanya wajisikie hivyo. Ukimpa mtu jukumu hilo, ile aibu ya kumkosoa rafiki inaondoka, kwa sababu sasa ni kazi aliyotumwa. Kisha zitafutwe barua kama hizo zilizoandikwa na Waingereza au Wamarekani, ziwekwe kando ya zetu, wanafunzi waone tofauti kwa macho yao. Mitihani yetu imezoea kupima mahali pa anwani na kama umeandika "Yours faithfully". Haimuulizi mtahiniwa kama mpokeaji angetaka kumsaidia.

Kwa hiyo, mwalimu unayesoma haya, wanafunzi wako wakikuomba uwatafutie rafiki wa Kizungu wa kuchati naye, watafutie. Kisha waambie wazilete darasani Jumatatu zile barua walizomwandikia, uanze kufundisha.